Unga wa Siku Mbili

KITUO CHA POLISI, KASONGO
MAELEZO YA SHAHIDI (mara ya pili)

Jina: Feza Mulonda Darlène
Umri: miaka 18
Kazi: msaidizi wa jikoni, mgahawa wa Chef Ibra, karibu na soko
Makao: kwa shangazi yake Régina, Kasongo. Wazazi wake wanakaa Kabambare
Masomo: amemaliza mwaka wa sita wa sekondari mwaka huu
Lugha: Kiswahili, kwa ombi lake
Siku na saa: Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Mkaguzi Albertine Sanganyi, OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi)

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni leo bila kuitwa. Nilishaandikwa hapa mara moja, Ijumaa tarehe 17 mwezi huu, saa kumi na moja jioni. Maelezo yale yana mistari minne. Yanasema kwamba Chef Ibra huotesha kuvu kwenye wali, na kwamba mimi nimeona kwa macho yangu. Hilo ni kweli. Lakini siku ile chumba kilikuwa kimejaa watu, wengine wamesimama mpaka dirishani, na mimi nilikuwa ninaitikia kwa kichwa tu. Niliulizwa maswali matatu, nikaitikia mara tatu. Leo naomba kueleza kwa mdomo.

Chef Ibra ni Ibrahim Radjabu, mzaliwa wa hapa Kasongo. Alipika miaka tisa Kinshasa kwa Mjapani mmoja, kisha akarudi kwao na kufungua mgahawa. Mgahawa wenyewe si mkubwa. Una meza nne, mabenchi na paa la bati, na watu wanaingia na matope yao miguuni, hakuna anayewasema. Nilianza kazi pale tarehe 4 Agosti. Anapika vyakula vya hapa kwa ladha ya kule. Mchele wa Kasongo anaufinyanga kama yai, ndani anaweka samaki wa moshi wa Nyangwe, anaufunga kwa jani la mgomba. Soya inatoka kwetu Kabambare. Anaipika, anaitwanga, anaichanganya na chumvi na ule wali wenye kuvu, anaifungia mitungini miezi minane. Inakuwa kitu kizito cha rangi ya udongo kinachoitwa miso, na ndicho anachokorogea mchuzi.

Kuhusu kuvu nieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyomweka Chef mahabusu. Si kuvu ya chakula kilichooza. Mbegu yake alikuja nayo kutoka Kinshasa, ndani ya chupa. Anapika wali kwa mvuke, anaupoza, anaunyunyizia ile mbegu, anaufunika siku mbili mahali penye joto. Unaota manyoya meupe na unanukia kama uyoga. Joto lake analipima asubuhi, mchana na jioni, analiandika kwenye daftari. Nimeula mimi, ameula mkewe Hidaya, wamekula wateja miezi yote. Wateja walikuwa wanauita wali wenye ndevu. Serge, motari anayeegesha pikipiki yake mbele ya mgahawa, alikuwa anamtania kila siku:

"Chef, wali yako iko na ndevu, na weye mwenyewe hauna hata moja."

Chef alikuwa anamjibu, "Ndevu yangu niliitia mu mutungi, iko inatumika. Ya kwako inafanya nini?"

Kila Ijumaa, watu wanapotoka msikitini, tunatoa mchuzi wa miso wenye vitonge vya unga wa muhogo. Chef aliniambia kule Japani vitonge hivyo vinafinyangwa kwa unga wa mchele. Yeye aliweka muhogo kwa sababu mtu wa hapa asipoona muhogo anaondoka akisema hajala.

Kazi ya muhogo ilikuwa yangu. Alinipa tangu wiki ya kwanza. Aliniambia, "Mimi nilikaa Kinshasa sana, mikono yangu ilisahau. Weye mutoto wa Kabambare, muhogo njo kazi yako." Kila kitu jikoni alikuwa anakikagua. Samaki alikuwa anamnusa, chumvi anaipima. Muhogo hakuukagua hata siku moja. Hakuna mtu wa kwetu anayemkagua msichana kuhusu muhogo, ni kama kumkagua kama anajua kuosha uso.

Mihogo tunayotumia ni ile michungu. Inamenywa, inazamishwa majini siku nne mpaka kidole gumba kinaingia bila kusukuma. Kisha inaanikwa siku mbili, inatwangwa, inachekechwa. Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka minane. Alinionyesha mbuzi wa jirani aliyekula maganda mabichi akafa. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mnamo tarehe 11 Oktoba, Jumamosi, nilitakiwa kuzamisha vikapu viwili vya mihogo kwenye pipa lililo nyuma ya nyumba ya shangazi. Siku hiyohiyo nilikuwa na ruhusa ya kwenda Kabambare kwenye matanga ya babu yangu, baba wa mama. Nilipanga kuzamisha kwanza, halafu niondoke. Motari wa kunipeleka alifika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya wakati tuliopatana, akawa anapiga honi mlangoni na majirani wamelala. Niliona aibu. Nikatoka mbio. Vikapu vilibaki ukutani, vimefunikwa kwa majani. Shangazi anaamka na kwenda sokoni, hakuangalia nyuma ya nyumba.

Nilitakiwa kurudi Jumapili. Mvua ilinyesha usiku kucha na barabara ikakatika. Pikipiki ilizama kwenye matope mara mbili, tukalala njiani kwa watu. Nilifika Kasongo Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi, nikakuta vikapu pale pale nilipoviacha.

Nilimenya na kuzamisha saa tano. Nilihesabu siku kwa vidole, nikaona hazitoshi. Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda kwa Chef na kumwambia, "Chef, nilisahau, Ijumaa hii tupike bila vitonge." Ni maneno machache. Nilitoka nyumbani kwenda kumwambia. Nilimkuta anaongea na muuza samaki kutoka Nyangwe, wanacheka. Nikasimama kando nikingoja wamalize. Walipomaliza alinigeukia, akanipa pole ya babu, akaniuliza mama anaendeleaje. Akaniambia nimekonda, nikae nile kwanza. Nikakaa, nikala. Sikumwambia.

Alhamisi tarehe 16, saa kumi na mbili asubuhi, niliitoa mihogo. Kidole gumba hakikuingia. Niliikatakata vipande vyembamba ili ikauke upesi, nikaianika juu ya bati siku moja. Jua lilikuwa kali. Nilijiambia kwamba jua litamaliza kazi ya maji. Sijui nilipata wapi wazo hilo, hakuna mtu aliyenifundisha.

Ijumaa tarehe 17, saa kumi na mbili asubuhi, niliitwanga nyuma ya mgahawa. Unga ulikuwa mweupe kuliko siku zote. Saa moja Chef alitoka, akachota kidogo kwa vidole viwili, akausifu weupe wake. Kisha akauliza:

"Feza, siku ine?"

Niliitikia kwa kichwa.

Sikutamka uongo kwa mdomo, na siku mbili za kwanza nilijitetea kwa hilo nikiwa nimelala. Lakini aliuliza, na nilimjibu.

Saa saba na nusu mchana wateja walianza kuingia. Wengi walichukua wali wa jani la mgomba. Mchuzi wa vitonge uliliwa na watu watatu tu kabla mambo hayajaharibika: Serge motari, ambaye alikula mabakuli mawili, Mama Subira anayeuza vitenge, na mjukuu wake Aimée, mwenye miaka saba. Naye Chef alikula vitonge viwili akiwa amesimama jikoni. Aliniambia ladha ya leo iko na ukali, labda miso imekomaa zaidi. Aliongeza tangawizi.

Mimi niliwapelekea Mama Subira na Aimée mabakuli yao. Nilikuwa nimesimama meza ya pili nikipangusa, nikamsikia mtoto.

"Nyanya, iko chungu."

Mama Subira akamwambia, "Kula. Hiyo njo ladha ya Japani."

Watu wa meza ile walicheka. Serge akasema Wajapani ni watu wa kunywa dawa, ndiyo sababu wanazeeka sana. Aimée akaendelea kula. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kuliondoa bakuli kwa mkono. Nilipangusa meza ile mpaka mwisho, nikapangusa na benchi.

Saa nane na dakika ishirini Serge alitoka kuwasha pikipiki. Alishika usukani, akauacha, akakaa chini udongoni. Alisema kichwa kinazunguka. Watu walidhani anatania, kwa kuwa yeye anatania kila wakati. Kisha Aimée alitapika mezani. Mama Subira alijaribu kumsimamisha, miguu ya mtoto ikawa haishiki. Yeye mwenyewe naye akaanza kushikilia ukuta. Walibebwa hospitali kwa pikipiki za wenzake Serge. Chef aliwasindikiza hatua chache, akarudi akatapika nyuma ya jikoni. Mwanaume mmoja, simjui jina, alisema, "Angalia, iko anajifanya mugonjwa!"

Hapo mtu mwingine akapaza sauti: "Ni ile wali ya kuvu! Alitupatia kuvu!"

Waliingia jikoni. Mitungi ilikuwa sita, mitatu ya mwezi wa pili na mitatu ya mwezi wa tano. Waliivunja yote. Waliivunja kwa mtwangio nilioutumia asubuhi kutwanga ule unga. Chef hakupigana nao. Alisema tu, "Hii ilikuwa miezi minane, hii ilikuwa miezi minane," kama mtu anayeonyesha wageni vyumba vya nyumba yake. Polisi walifika saa tisa wakamtoa pale, na nadhani bila wao wangempiga.

Unga ulikuwa kwenye mfuko, kama nusu hivi, chini ya meza. Hakuna aliyeugusa. Shangazi yangu Régina alikuja kunichukua saa kumi, akauona. Alisema:

"Vitu vya Japani mvunje, sawa. Lakini unga ni unga. Unga muzuri hivi tutauacha upotee?"

Akajitwika. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani nikiutazama mfuko juu ya kichwa chake. Kutoka nyumbani nilifuatwa na askari, nikaletwa hapa, nikaulizwa kuhusu kuvu.

Jumamosi na Jumapili nilimsaidia Hidaya, mke wa Chef, kuleta chakula hapa kituoni. Nilidhani hatataka kuniona. Alinipa chungu nibebe, akaniambia nishike kwa kitambaa nisiungue. Jumapili tarehe 19, saa sita mchana, Chef alikuja mlangoni, macho yamevimba. Aliniona nyuma ya mkewe akauliza:

"Feza, ulikula?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa sijala tangu Ijumaa.

Kisha akamwambia Hidaya kwamba amefikiri sana, na kwamba kosa huenda ni lake. Alisema mwezi wa pili kuna jioni moja hakupima joto la koji, ndiyo ule wali wenye kuvu, kwa sababu alikuwa na wageni. Alimtuma Hidaya alete daftari ili aone ni siku gani. Alisema kama ndivyo ilivyo atakubali mbele ya OPJ, asiwachoshe watu. Hidaya alimwambia, "Ibra, nyamaza." Mimi nilikuwa nimeshika chungu kitupu.

Mama OPJ ameniuliza kwa nini sikusema pale pale. Jibu langu ni kwamba nilikuwa ninangoja aniulize tena. Kama angeuliza siku nne kwa mara ya pili, nadhani ningesema. Hakuuliza, kwa sababu nilishamjibu.

Leo Jumatatu tarehe 20, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliamka nikasikia mwiko unakoroga. Shangazi alikuwa amebandika uji wa watoto wake watatu waende shule. Nilitoka nje. Mfuko ulikuwa umefunguliwa, na uji ulikuwa umeanza kuwa mzito. Mtoto mdogo alikuwa ameshika kikombe chake tayari. Nilishika sufuria kwa mikono miwili nikamwaga kila kitu kwenye majivu.

Shangazi alinipiga kofi. "Umepata wazimu? Chakula ya batoto!"

Nikamwambia, "Shangazi, mihogo ile ilikaa siku mbili."

Hakuniuliza swali jingine. Mwanamke yeyote wa huku ukimwambia hivyo anaelewa papo hapo. Alikaa kwenye kibao, akamvuta yule mtoto akamnusa mdomo, kisha akawaita wale wengine wawili akawanusa nao. Walikuwa hawajaonja. Baada ya hapo akaanza kuzungumza polepole, bila kunitazama.

"Usiseme. Weye ni mutoto wa watu, uko mu nyumba yangu. Batasema ni mimi nilikutuma. Ibra iko na bibi, iko na ndugu, iko mwanaume. Atatoka tu."

Nikamwambia anatafuta kosa kwenye daftari lake na atalipata. Shangazi alisema, "Basi ni yeye atakuwa amelipata." Sisemi haya ili aonekane mbaya. Amenilea tangu nilipokuja kusoma hapa Kasongo. Aliogopa tu, kama mimi. Nilipochukua mfuko hakunizuia. Aliniambia kwamba bakuli moja la unga ule alimpa jirani yetu, Mama Emilienne.

Nilikwenda kwa Mama Emilienne. Alikuwa ameshauchanganya na unga wake wa mahindi ndani ya debe, ila hakuwa amepika. Sijawahi kugonga mlango wa mtu mzima na kumwambia anipe chakula chake. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, mara ya kwanza hakusikia, akasema, "Sema kwa nguvu, mutoto." Nikasema kwa nguvu. Alinipa debe lote.

Saa moja na nusu nilipita hospitali. Nilimweleza daktari kuhusu mihogo, aliandika na kuniuliza siku ngapi, nikamwambia. Alisema hilo linamsaidia kujua. Serge alisharuhusiwa kurudi nyumbani. Aimée bado yuko kitandani. Anasimama akishikwa, akiachwa miguu inatetemeka. Daktari alisema wangoje, hakusema mpaka lini. Nilimkuta Mama Subira amekaa kando ya kitanda. Yeye amepona. Nilimwambia yote kama ninavyosema hapa, nikiwa nimejiandaa anitukane, na ningependa anitukane.

Aliifunika miguu ya Aimée. Kisha akasema, "Aliniambia iko chungu. Mimi ndiye nilimwambia kula."

Nilikaa naye kidogo, nikaja hapa.

Ninajua kwamba Chef Ibra anashikiliwa kwa kosa la kuwapa watu sumu kwa wali wa kuvu. Ule wali haukuwapa watu sumu. Sumu ilikuwa kwenye muhogo, muhogo wetu huu wa kila siku, na niliuandaa mimi. Chef hakujua. Hidaya hakujua. Shangazi hakujua mpaka leo asubuhi. Naomba Chef aambiwe leo, kabla hajaanza kusoma daftari. Hidaya amelileta, nimeliona pale mezani kwa askari wa zamu.

Unga ni huu hapa kwenye kikapu, mfuko mmoja na debe moja. Naomba usiwekwe upande ule wanapoweka chakula cha mahabusu. Ni mweupe na mzuri kuuangalia, mtu anaweza kuupika.

Mama OPJ ameniambia kwamba nikishaweka sahihi hapa huenda nisihesabiwe tena kuwa shahidi. Nimeelewa. Naomba mama yangu Kabambare apewe habari na mtu, isiwe kwa simu, kwa sababu bado yuko matangani. Naomba pia kukaa kidogo kabla ya kuitwa tena. Miguu yangu imechoka.

Sina jingine la kuongeza. Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyafanya nimeyasema pia.

(Sahihi) Feza Mulonda Darlène

MAELEZO YA OFISA

Maelezo haya nimemsomea aliyeyatoa, kwa sauti, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Amesahihisha mahali pamoja: niliandika kwamba mihogo ilikaa majini "siku mbili au tatu", ameomba "au tatu" ifutwe. Nimefuta. Unga, mfuko mmoja na debe moja, nimeupokea, nimeufunga na kuufungia kabatini. Daftari la mshukiwa Ibrahim Radjabu limerudishwa kwa mkewe bila kufunguliwa.

Mwishoni nilimuuliza kama ameyasema haya kwa hiari yake, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Aliitikia kwa kichwa. Nilimwambia kwamba kichwa siwezi kukiandika. Alisimama, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barazani:

"Ndiyo, mama."

(Sahihi) Albertine Sanganyi, OPJ